Mshale Uliosogea Wenyewe

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumamosi, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Wifi yangu anaendeleaje, na mwanangu mdogo ameshaanza kusimama, au bado anawatambalia tu? Mwambieni shangazi yake yupo na anamdai busu. Sisi huku tunapumua. Kifua cha Mama kimetulia, na ameanza tena kubishana na redio, basi ujue mzima.

Nakuandikia kwa kalamu kwa makusudi. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini sikutuma ujumbe wa simu.

Umeniuliza usomee nini kwenye shahada ya uzamili: sayansi ya data, akili bandia au usalama wa mitandao, na ipi ina ulaji. Kwa ulaji, muulize binamu yetu. Alichukua data, sasa yuko kampuni ya bima, anapigwa na kiyoyozi na kuitwa bosi na watu wanaomzidi umri. Akili bandia kila mtu anaikimbilia, kazi zipo, ila foleni nayo ni ndefu. Mimi nilichukua usimamizi wa mifumo, na mwisho wake ndio huu: kwenye kampuni ya maji, kompyuta ikigoma naitwa mimi, ikifanya kazi hakuna anayenijua.

Ya usalama nakusimulia, halafu uamue mwenyewe.

Unamkumbuka yule mwenzangu wa chuo, mrefu, mwenye miwani? Alisomea usalama, tukaajiriwa pamoja. Kazini walimbandika jina la Bundi, kwa kuwa kila kikao alikuja na habari mbaya. Alisema mkandarasi aliyefunga mitambo ameacha njia ya kuingilia kutoka nje, na haina hata komeo. Mkurugenzi akacheka. Mwaka jana wakaifuta nafasi yake. Mkurugenzi alisema mbele yetu sote, "Tangu aje hakuna mwizi aliyeingia. Sasa tunamweka wa nini?"

Jumanne iliyopita, mchana kweupe, nilikuwa chumba cha mitambo nabadilisha waya. Mama wa zamu, yule anayeangalia mitambo siku hiyo, alikuwa anakula pembeni. Nikaona mshale kwenye skrini unasogea. Nikadhani ameegemea kipanya, kumbe mikono yake yote miwili iko kwenye sahani. Mshale ukaenda taratibu, bila papara, ukafungua ukurasa wa dawa ya kusafishia maji, ukapandisha kipimo. Ukakipandisha tena. Ndugu yangu, nimeshika kompyuta nusu ya maisha yangu, lakini siku hiyo niliogopa kuigusa.

"Ni wewe?" mama wa zamu akaniuliza.

"Si mimi."

Akaiacha sahani, akakimbilia pampu ya dawa, akaifunga kwa mkono. Mimi nikang'oa waya wa mtandao. Maji yale hayakufika mjini. Hilo tu ndilo la kumshukuru Mungu.

Nilimpigia Bundi. Nilitegemea anicheke, kwa kuwa haki hiyo anayo. Alisema tu, "Usiulize wameingiaje. Uliza wamo humo tangu lini."

Sijalala vizuri tangu aseme hivyo, wala simu yangu siiamini tena. Nilipochimbua kumbukumbu za mfumo nikakuta nyayo za tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Wanaingia, wanatazama, wanatoka. Miezi yote hiyo walikuwa wanajifunza nyumba yetu, kila chumba.

Mkurugenzi aliniita Alhamisi. Alitaka niandike kuwa ilikuwa hitilafu ndogo na imeshatengenezwa. Nikamwambia siwezi kutia sahihi uongo ambao watoto wataunywa. Akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Waya niliong'oa wameurudisha, maana bila huo mkandarasi hawezi kuhudumia mitambo akiwa kwake.

Mama nimemwambia niko likizo, na kwamba tunajaza mapipa kwa sababu bomba litafanyiwa matengenezo. Tafadhali usimwambie lolote. Mama wa zamu ameniahidi kila saa atapima maji kwa mkono, hata wakimwona mshamba. Bundi naye tunakwenda pamoja wizarani Jumatatu, na nyayo hizo zote tumezichapisha.

Kwa hiyo usome usalama, mdogo wangu, kama moyo unao. Ajira utapata, benki na hospitali zitakugombania. Lakini ujue ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na kisipotokea kitu watakuuliza unakula mshahara wa nini.

Wifi mpe salamu zangu, na mwanangu mbusu kwenye utosi. Mama anakusalimu, anasema upige simu Jumapili. Mjomba fundi cherehani amekushonea koti, kipimo amekikisia, kwa hiyo usinenepe. Mungu awafunike nyote, awakinge na mnachokiona na msichokiona.

Dada yako, anayekupenda hata akiwa amekununia.

Baada ya kukunja barua nimeifungua tena. Ni siku ya pili tangu nisimamishwe, na geti la kazini halinitambui tena. Lakini sasa hivi, hapa mezani pa Mama, nimejaribu neno langu la siri kwenye mfumo wa mitambo, kwa njia ileile ya mkandarasi. Limefungua.