Askari wa Damu ya Mama Cherehani

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko mbali? Mgongo umepoa? Shemeji anakunywa dawa zake au bado anazificha chini ya godoro? Sisi wazima, ila mimi nina dukuduku, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Mwanangu, ambaye ni mwanao pia, sasa ni mtu mkubwa pale maabara. Sijisifu, lakini damu ya mtaa mzima inapita mikononi mwake. Wanapima vijana na wazee: mtu anaendesha baiskeli isiyokwenda popote, kisha anatolewa damu. Anasema mwili ukipata moto, chembe nyeupe, wale askari wetu wa kupigana na maradhi, hutoka kwa wingi. Kwa vijana hutoka kama wanafunzi kengele ikilia. Kwetu sisi watu wazima hujikongoja. Ila mzee aliyezoea mazoezi, wake hawasinzii sana.

Sasa nani kasifiwa? Mama Cherehani, yule fundi nguo wa chini. Amenizidi miaka minne, meno nimemzidi mimi. Mwanangu akija ni Mama Cherehani hivi, Mama Cherehani vile, eti askari wake kama wa msichana. Asubuhi tatu kwa wiki anamtembeza, wanacheka mpaka nawasikia dirishani. Mimi nikaambiwa ndugu wa mpimaji hapimwi. Nimzae, nimnyonyeshe, leo damu yangu haifai.

Nikasema ngoja. Siku yangu ya kwenda kliniki kupimwa, nilipanda na kushuka ngazi zetu mara nane, nikaenda mbio hadi mlangoni, nikampa muuguzi mkono anitoe damu kabla jasho halijakauka. Nilitaka askari wangu wakutwe wamejipanga.

Mdogo wangu, walikutwa wamezidi. Daktari akadhani nina ugonjwa uliojificha, akampigia mwanangu simu. Alikuja na koti la maabara, kamba za viatu zinaburuzika, macho mekundu. Nilipomweleza ukweli alikaa kwenye ngazi, akalia kwanza, kisha akacheka.

"Mama, hao waliotoka kwa mbio hurudi zao baada ya saa chache. Ulitaka nini hasa?"

"Nilitaka na mimi unihesabu."

Damu ilirudiwa kesho yake nikiwa nimetulia, ikawa sawa. Tangu hapo kila Jumamosi tunatembea, mimi na yeye tu, hadi kituo cha mabasi na kurudi. Ananihimiza nikaze mwendo. Nami nasingizia kiatu kinabana, maana tukienda haraka tutafika mapema.

Juzi Mama Cherehani aliuliza kama anaweza kuungana nasi. Nilimwambia njia ni nyembamba.

Nisalimie shemeji, kitindamimba wako, na mjomba akipita hapo. Mungu akunyooshee mgongo na akuweke mpaka tuonane. Nawe utembee, usikae tu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama wa mtu wa maabara