Kompyuta Zilizofungwa Kama Mikungu ya Ndizi

Mjukuu wangu Kezia,

Hapa Nyakabiga tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua, na mtoto analia kwa sauti yangu.

Umeuliza kwa nini sebule yangu imejaa kompyuta kuukuu. Mimi na wenzangu tunaokusanya vitu vya kale tumezipokonya mdomoni mwa nyundo! Depo ya vifaa vya ofisi ilikuwa inafungwa, na meneja aliamuru zivunjwe ziuzwe kama chuma chakavu. Kizazi changu kilijifunzia kompyuta hizo.

"Zimekufa, mama," meneja akaniambia.

"Umeziwasha?"

"Apana. We huoni ni za zamani?"

Na kiti chake cha ngozi, kikongwe kuliko hizo, alikuwa amekifunika blanketi! Akatupa hadi jioni tuziondoe, akijua malori yamelala kwa kukosa mafuta. Tukawaita wabeba ndizi wa baiskeli. Walizivika majani ya migomba, wakazikaza kwa kamba za mpira kama mikungu, zikafika bila ufa.

Vaa soksi huko kwenye baridi. Barua hii nimeiandika kwa kompyuta ya kwanza niliyoiwasha. Meneja naye nimemwandikia yake, kwa maiti hiyo hiyo.

Bibi yako,
Mariamu