Bamvua la Safari ya Ngome Kongwe

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nshatoka pwani. Mwani nshauanika, mgongo unanidai. Kitinda mimba wangu Rukia kapiga simu kutoka Mlandege, anakoishi kwa shangazi yake. Kamaliza mafunzo ya kutembeza wageni. Tajiri wa kampuni anataka kumwona kazini kwanza. Alete kundi lake, alizungushe, tajiri afuate nyuma anasikiliza. Akiridhika, kazi anayo. Akakwama: kundi atalitoa wapi? Nikamwambia sisi hapa, kikundi kizima cha mwani cha Matemwe. Kapiga kelele mpaka sikio likaziba. Tumeweka Jumapili ya tarehe 24. Nna furaha mie!

Alhamisi, 14 Agosti
Mpango: asubuhi mashamba ya karafuu Kizimbani, mchana magofu ya kasri Mtoni, jioni Ngome Kongwe. Umri wote huu Ngome naiona kwa nje, nikipita kwenda hospitali. Watu wanapanda ndege kuja kuitazama, sisi wa hapahapa hatujaingia. Aibu. Wenzangu wamefurahi. Lazima kanga za sare. Ugomvi wa rangi umekula jioni nzima, nyekundu ikashinda. Sikuitaka nyekundu. Basi tu.

Jumapili, 17 Agosti
Yarabi, nimefanya nini mie! Bi Tatu, jirani yangu wa shamba la mwani, kaja kasimama mlangoni. Kaniuliza kwa upole, na upole wake ndio mbaya: "Mize, kupanga siku hiyo ulitazama mwezi au ulitazama simu?"
Simu. Tarehe 24 mwezi unaandama, bamvua lenyewe hilo. Asubuhi maji yatakupwa mbali na mwani ushakomaa. Asiyevuna siku hizo, unamkatikia. Nimezeekea baharini, nakosea kama mgeni. Nna hasira na nafsi yangu.

Jumatano, 20 Agosti
Zaidi ya nusu wamejitoa. Siwalaumu, ndiyo riziki yao. Nimempigia Rukia asogeze siku. Haiwezekani, tajiri anasafiri, na kuna wengine wanaitaka nafasi ile. Kaniambia haidhuru, kakata simu. Bora angelia.

Ijumaa, 22 Agosti
Alhamdulillahi! Bi Tatu kaja tena, safari hii anacheka. "Kwani Ngome nayo inakupwa na kujaa? Tuvune kwanza, twende baada ya adhuhuri." Kila siku kila mtu na shamba lake. Jumapili tutavuna yote kwa pamoja, la huyu na la yule, tumalize mapema. Wote wamerudi. Rukia kapanga upya, ziara ya nusu siku. Ulimi wa Bi Tatu nausamehe mwaka mzima.

Jumapili, 24 Agosti
Tumevuna kama tuko harusini. Kuoga, kujifukiza, kanga nyekundu. (Zinapendeza. Sitamwambia mtu.) Ndani ya gari udi na mwani vinashindana.
Kizimbani Rukia kaanza vibaya. Alitakiwa aseme "sogeeni hapa", lakini atawaamrishaje mama zake? Kawapitia mmoja mmoja, shikamoo na kubusu mkono. Na kila mmoja marahaba, hujambo, utaolewa lini. Tajiri anatazama saa. Bi Tatu ndiye aliyewakatiza: "Haya, leo mkubwa ni yeye, tumfuate!" Hapo mtoto akafunguka. Mtoni akawa na sauti. Ngomeni akawa na madaha. Alipomaliza, vigelegele vikajaa uani, na wageni wengine wakageuka. Tajiri kacheka, kampa kazi palepale. Nimelia mbele za watu, wala sikujali.

Jumatatu, 25 Agosti
Kimya leo. Sauti imenikauka. Baba yake Rukia, anakunywa chai, kaniuliza hiyo Ngome ikoje ndani. Nikamwambia kubwa. Aliijenga nani? Sijui. Ina minara mingapi? Sijui pia. Kanishangaa: muda wote huo nilikuwa nasikiliza nini? Rukia kaeleza kila kitu, na mie nilisimama mbele kabisa. Nilikuwa namtazama yeye.