Walikuchagua Tena, Maman Nsimire

Maman Nsimire,

Jumapili iliyopita wamama wa kijiji walikuchagua tena kuwa présidente wa komite. Usicheke. Nilitembea nyuma ya sanduku lako mpaka kaburini mimi mwenyewe, najua uko wapi. Lakini walikuchagua, tena mbele ya mgeni wa fondation, shirika la misaada. Nakuandikia nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Na kuna jambo baya nililofanya. Nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mwenzako Rozalia, maana anakuombea kila asubuhi na katika sala hafichi kitu.

Unakumbuka barua yetu ya kuomba daraja? Ulikaa kwenye kizingiti changu hapa mjini Kadutu, miguu bado ina matope ya kijijini Walungu, ukasema kwa Mashi, lugha yetu, na mimi nikaandika kwa Kifaransa. Nilipotia maneno makubwa ulinishika mkono. "Usiongeze kitu, Furaha. Kama batoto banavuka muto ku mugongo ya baba yabo, andika mugongo." Nikaandika mgongo.

Baadaye mashirika makubwa yalifunga ofisi mjini, wakubwa wao wakaondoka, nikadhani barua yetu imekwenda nao. Kumbe ile fondation ndogo ya watu wa hapa hapa ilikuwa imeisoma. Jibu lilikuja majuma matatu baada ya tension, ile damu kupanda, kukuangusha shambani usiinuke tena. Majuma matatu, Maman! Walikubali kutoa mbao, saruji na misumari. Walitaka tu présidente aliye hai, na PV, ile karatasi inayoeleza mkutano ulisema nini.

Hapo ndipo Tonton Déo alipokuja kwangu, shemeji yako wa mjini, na koti lake. "Bamaman hawajue mambo ya bureau," akasema. "Muniweke mimi, nitabasaidia." Mtu ambaye suruali yake haijawahi kuloa kwenye mto ule! Nilipaswa kumfukuza. Lakini tangu ufe sikuwa na moyo wa kugombana na mtu, na niliogopa fondation itachoka kutungoja na kupeleka daraja kijiji kingine. Nikaenda kwenye kibanda cha kompyuta, nikaandikisha PV ya mkutano ambao haujafanyika. Président: Tonton Déo. Amechaguliwa kwa makofi ya wote.

Wewe unajua ndivyo wengi wanavyofanya. Mkutano unaandikwa mjini, kijijini watu wanaitwa kupiga makofi. Wewe hukukubali hata siku moja. Nami, mwanafunzi wako, nilipanda pikipiki kwenda kijijini na uongo huo ndani ya mkoba.

Tulikutana kwenye uwanja wa kanisa baada ya misa. Kiti chako cha plastiki kilikuwa pale mbele, hakuna aliyethubutu kukiondoa. Tonton alisimama kando yake, anatabasamu. Mgeni, kijana mwenye miwani, akaomba kila mtu asimame nyuma ya yule anayemtaka. Nikashika kalamu nikingoja tumalize.

Rozalia akainuka. Akampita Tonton bila kumtazama, akaenda kusimama nyuma ya kiti chako. Wakamfuata wengine, na watoto mgongoni, mpaka yule bibi wa fimbo ambaye huwa hainuki hata padri akipita. Mstari ukafika ukutani. Nyuma ya Tonton alibaki mtu mmoja, dereva wa pikipiki aliyemleta.

"Lakini bamaman," mgeni akasema, "ile kiti haiko na mutu."

"Tunajua," Rozalia akajibu. "Ni siye tulimuzika. Lakini ule mwenye kusimama pale, nani alimuita?"

Mgeni akavua miwani, akaifuta, akasema kwa upole kwamba mtu aliyekufa hawezi kutia saini. Rozalia akanigeukia. "Furaha, weye njo ulikuwa unaandika maneno yake. Ikala mu kiti yake."

Sikukaa. Nilitoa ile PV mkobani nikawasomea yote, kwa Mashi, mpaka mahali pa makofi. Aibu niliyoona sitaki kuiona tena. Wengine walitazama chini. Tonton akaanza kukohoa. "Ipasule," Rozalia akasema, nikaipasua vipande vipande mbele yao. Ndipo nikakaa.

PV mpya niliiandika kwa mkono, nikiwa kwenye kiti chako. Niliweka mambo kama yalivyokuwa: marehemu Nsimire, kura za wamama wote; Tonton Déo, kura ya mtu mmoja; kisha wamama wakamweka Furaha mahali pa marehemu. Wakatia alama za vidole kwa wino.

Jana fondation walinipigia simu. PV ni nzuri, wanasema, lakini nitoe ule mstari wa marehemu. Wakubwa watadhani tunafanya mchezo. Nichape nyingine safi, la sivyo karatasi zetu zinaweza kulala mezani. Nilimpigia Rozalia, akaenda kuwauliza wenzake sokoni, akanirudia na maneno machache: "Baambie ni vile tulifanya."

Basi kesho naenda ofisini kwao na karatasi ileile, na alama za vidole zilezile. Naogopa, sikufichi. Wakikataa, watoto watavuka msimu mwingine mgongoni mwa baba zao, na kuna watakaosema kiburi cha Furaha kilitunyima daraja. Waseme. Nilishaandika uongo mmoja kwa ajili ya daraja hilo na sitaandika wa pili. Jibu lije au lisije, Jumamosi tunaanza kubeba mawe ya kingo za mto. Mawe hayaombwi kwa barua.

Nimekukumbuka, Maman. Nakumbuka hata ulivyokuwa unanigombeza kwa sababu ya neno moja nililoongeza. Hakuna anayenishika mkono sasa ninapoandika, na mkono huu, umeona, unaweza kupotea.

Pumzika sasa, umefanya ya kutosha. Nakuahidi hivi: hakuna mtu atakayeandika neno la wamama hawa kabla wao hawajalisema. Hata mimi.

Wako,
Furaha