Nakuja Kasongo kwa Baiskeli

Kamina, karibu na kambi ya askari,
mwanzo wa kiangazi

Kwako Mama yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, na Mungu akuzidishie nguvu. Huku tu wazima, mimi, baba watoto na wajukuu wako, isipokuwa mafua ya vumbi ambayo kila mwaka hayatusahau. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho la kulia lililobaki, linaonaje? Asubuhi mtu akisimama mlangoni, bado unamtambua kabla hajasema neno? Hilo ndilo ninalotaka kujua kuliko yote.

Najua anayekusomea ni Yaya Ramazani, kaka yangu na mwanao wa kwanza. Yaya, nakuamkia kwa heshima. Nakuomba usome kila neno kama nilivyoliandika, hata yale yatakayokuchoma. Ukianza kukohoa katikati, Mama atajua.

Mama, barua yenu ya mwisho ilisema umenikataza kuja. Ilisema: "Binti yangu, tulia kwa mume wako, ngoja treni, mwanamke wa nyumba yetu haingii Kasongo juu ya baiskeli." Nilicheka peke yangu jikoni. Tangu nizaliwe hujaniita binti. Unaniita Zaina, na ukikasirika unaniita mama mkwe, kwa sababu nilirithi jina la bibi na ukaidi wake. Maneno yale ni ya Yaya, anaogopa midomo ya watu wa sokoni. Basi jibu langu ni hili: nakuja, na nakuja kwa baiskeli.

Treni nimeingoja mpaka nimechoka. Nimelala kituoni juu ya mizigo yangu kama mkimbizi. Mara kichwa cha treni kimeharibika, mara mafuta hakuna, mara inapita imejaa watu hadi juu ya paa na haisimami. Karani wa kituo ana neno moja tu: "Kesho, mama, labda kesho." Yeye ana kesho nyingi. Jicho lako halina. Uliniozesha nikiwa msichana, ukaniona nikipanda lori na bwana harusi, na tangu siku ile hujaniona. Sitaki uje unijue kwa sauti tu.

Baba Mwamini, mume wangu, nilimwambia akiwa anashona magwanda ya askari. Alisimamisha mashine.

"Weye Mama Mwamini, unataka bantu baseme minyi njo nilikufukuza?"

"Baseme tu ulinifukuza. Mama yangu iko anapoteza macho."

"Na ukianguka mu pori?"

"Nitasimama."

Akanuna. Chakula hakukigusa, na watoto wakatembea kwa kunyata nyumba nzima. Kisha jioni moja akarudi na pampu na gundi ya viraka, akaviweka mezani, akakaa chini. Ndivyo alivyo mkweo, Mama: mdomo unakataa, mikono inakubali. Atabaki na watoto, kwa sababu kazi ya kambi haimruhusu kutoka.

Tena Yaya asikutishe kwamba nitakuwa peke yangu. Yuko Mluba mmoja anaitwa Ilunga, anayeleta samaki wakavu kutoka Bukama kwa baiskeli. Yeye na wenzake wanakwenda Kabongo, nami nimo katika msafara wao. Kutoka Kabongo nitafuatana na wafanyabiashara wetu wa Maniema, wanaopitia Kabalo na Kongolo. Wote wamekubali, ingawa wengine wamekubali huku wakicheka.

Walikuwa na sababu ya kucheka. Kuendesha nilijifunza kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya kambi, wake za askari wakinipigia makofi kila nilipoingia majanini. Nilipoweza kwenda bila kuyumba, nikaanza kujisifu. Siku ya soko nikafunga zawadi zako zote, chumvi, sabuni, vitenge, kiroba cha samaki. Nilizifunga kama tunavyofunga mzigo wa kichwani, Mama, kama ulivyonifundisha: bunda moja refu, zito, limekazwa vizuri, nikalipandisha nyuma. Nilipokalia kiti tu, gurudumu la mbele likanyanyuka kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Nilianguka chali katikati ya wauza mihogo, na samaki juu yangu.

Soko zima lilicheka. Ilunga ndiye aliyeninyanyua.

"Mama, huu muzigo iko wa kichwa," akasema. "Kinga haina shingo."

Kinga ndiyo baiskeli, hapa Kamina. Akafungua kamba zangu zote, akagawa ule uzito: kilicho kizito chini, ndani ya vyuma vya katikati, kidogo mbele kwenye usukani, na nyuma kitu chepesi tu. Aliniagiza nijaze mchanga kwenye viroba, nizunguke nao mji mzima mpaka mikono yangu izoee. Amenifungia na fimbo kwenye usukani, ya kusukumia baiskeli kwenye milima, kwa sababu milimani hakuna anayepanda, hata wanaume. Na mpira ukipasuka gundi ikiwa imekwisha, nimejua kuujaza majani makavu na kuendelea. Mikono yangu sasa imeota sugu. Nazitazama kwa furaha.

Ikabaki nguo. Suruali kwa mwanamke serikali imekataza, wewe unajua. Jirani yangu Mama Bea, mke wa askari kutoka Mbandaka, akaniletea suruali ya jeshi ya mume wake, eti ni ngumu, haipasuki. Nikamwambia nayo ningefika kizuizi cha kwanza tu, wangenifunga kama mwasi. Baba Mwamini akanishonea sarawili pana ya kitambaa cheusi, kama ile babu aliyoivaa chini ya kanzu. Juu yake nafunga kitenge kama wanawake wa Bukama wanaoingia mtoni kuvua, ncha yake ikipita katikati ya miguu. Mnyororo hauioni wala hauinasi.

Mama Bea alijifanya askari wa kizuizi ili anizoeze, akashika mwiko kama bunduki, akaniita raia kwa Kifaransa cha serikali.

"Citoyenne, weye uko na bwana kweli? Anakuacha juu ya kinga?"

"Niko naye. Iko anashona nguo za bakubwa yako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Ninaogopa, Mama, nakuambia wazi. Naogopa mchanga wa njia ya Kabongo, naogopa vizuizi, naogopa usiku wa mahali nisipojua mtu. Lakini ninachoogopa zaidi ni kukaa kituoni nikiambiwa kesho, mpaka hiyo kesho iniletee habari kwamba jicho limefungwa. Hiyo sitaikubali. Watu wa Kasongo wakitaka kuona mwanamke juu ya baiskeli, waje barabarani mapema wapate nafasi nzuri.

Barua hii inapanda ndege ya kambi hadi Kindu, kwa hisani ya Mama Bea. Karatasi inaruka, mimi nakanyaga. Hata mkinijibu mnikataze, jibu litanikosa.

Nisalimie shangazi msuka mikeka, mwambie sikusahau ukindu wake. Msalimie mjomba muuza chumvi, na wifi, mke wa Yaya, ambaye najua yuko upande wangu ingawa hasemi. Watoto wa nyumba wote wabusu.

Na wewe, Mama, usimtume mtu kunipokea njiani. Kaa nje penye mwanga, utazame barabara. Nikifika na jicho lingali zima, utaniona nilivyozeeka na tutacheka. Nikikuta limeshafungwa, usilie. Nyoosha mikono unipapase magoti yenye makovu ya kuanguka, nayo yatakueleza nilivyokuja.

Ni mimi, mwanao,
Zaina