Mkubwa Ananawa Kwanza

Kambi ya kahawa, Karatu

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unakula, hata tonge mbili, maana dada Zena ameniandikia kwamba tangu pumu imchukue baba unaisukuma sahani tu. Mimi mwili mzima. Moyo umechoka, sitakuficha.

Mnaningoja kwenye arobaini, mimi mwanao wa kwanza. Mama, siji. Usinikasirikie kabla hujasoma mpaka chini.

Huku kuna kipindupindu. Vilabu vya pombe vimefungwa, mnada umefungwa, barabarani kuna kizuizi. Mwenye kadi ya sindano anapita. Kadi ninayo, keshokutwa ningekuwa Singida. Siku niliyochomwa nilitamba kambini kwamba mimi sasa ni chuma.

Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa hapa aliyekufa kwa kuharisha. Nilikuwa kati ya waliombeba. Tuliporudi likaletwa beseni, maji yaleyale kwa wote, kama kwetu. Wakaniambia, "Wewe ndiye mkubwa, anza." Nikanawa. Akafuata Tluway, yule Mmbulu niliyelala naye chumba kimoja miaka minne. Tukala ugali. Kesho yake akaanza kuharisha, na kabla jua halijazama akawa ametutoka. Mimi hata tumbo halikuniuma.

Bwana Afya alipokuja nilimuuliza inakuwaje. Akasema, "Sindano inakukinga wewe, tena kidogo, kwa miezi michache. Haikuoshei mikono. Unaweza kuwa mzima na ukampa mwenzako." Tangu hapo nachemsha maji, nanawa kwa majivu mpaka ngozi inachubuka. Wenzangu wanasema chuma kimeshika kutu. Wacha wacheke.

Sasa nikija kwenye hitima, beseni litaletwa kwangu kwanza, halafu kwako. Siwezi, Mama. Nimeshampa mmoja. Someni hitima, mdogo wangu Hamisi akae mahali pangu. Karantini ikiisha nitakuja.

Msalimie Zena, na mjomba aliyemchimbia baba kaburi, mwambie nimesikia na nashukuru.

Siku nitakayofika usinikimbilie. Weka sabuni na kopo la maji mlangoni, unimiminie mwenyewe, maji yamwagike chini yote. Ndipo unipe mkono, nilie na wewe.

Mwanao,
Salumu