Kazi Iliyoandikwa Kwenye Kadi

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha ukorofi. Mimi sijambo, ila mikono inanuka grisi, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Unakumbuka miaka minne iliyopita kampuni hii ya lifti iliniajiri kama mtu wa usafi. Fundi mkuu alinikuta mara nyingi nimeacha ndoo nachungulia mtambo wake, mpaka akachoka kunifukuza akaamua kunifundisha. Sasa hospitali moja ya nchi jirani ina lifti kuukuu iliyogoma, na yeye, ambaye macho yake yamechoka, amesema anayeiweza ni mimi.

Nimefurahi mno, Baba, ila kuna kikwazo. Wenyeji wa hapa wanaingia kule bila viza. Sisi wageni wenye kadi ya ukaazi tunapewa viza tukifika, palepale uwanja wa ndege. Lakini wanaangalia kazi iliyoandikwa kwenye kadi. Mafundi wanapewa ya kazi. Wengine tunapewa ya matembezi, marufuku kushika hata bisibisi. Na kadi yangu bado inasema usafi.

Meneja anataka niseme nimekwenda kutembea, mambo yaishe. Nikikataa atampeleka Msumari, ambaye kadi yake inasema fundi lakini hajawahi kufungua lifti ya aina ile. Wewe umekaa dirisha la uhamiaji miaka thelathini na moja. Nifanyeje?

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi nimestaafu, goti limekataa kustaafu ukorofi. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Kwanza hongera. Pili, usithubutu. Waongo nimewaona wa kila aina pale dirishani, na wote wana dalili moja: wanajibu swali ambalo hujawauliza. Ukisema umekuja kutembea, spana zilizo mkobani zitasema mengine. Ukifukuzwa kule, na kadi ya huko itakwenda, na meneja atakuwa ofisini kwake anakunywa chai. Njia ya mwongo fupi.

Kabadilishe kadi kwanza. Waambie idara ya kazi wakupime ufundi. Msumari akienda, na aende. Siku ukifika dirishani, simama wima, toa pasi na kadi kwa pamoja, kisha ngoja uulizwe. Na pasi iwe imebakiza miezi sita, maana hilo limewarudisha watu wazima wakilia.

Mama wa duka anamsalimu fundi.

Baba yako

2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Goti linaendeleaje?

Nilimkatalia meneja mbele ya watu, naye akanirudisha kwenye ndoo. Msumari akaenda. Nikapanga foleni idara ya kazi siku nne, ya tano wakatupima watu watatu. Walituwekea mlango wa lifti unaokataa kufunga, mmoja baada ya mwingine, na wapimaji wameshika kalamu. Wenzangu wote wawili walifungua mota. Mimi nikapiga magoti nikatazama mfereji wa chini, ule ambamo mlango unateleza. Umeshindiliwa vumbi na kipande cha plastiki. Baba, mifereji ile nimeisafisha miaka minne. Nikautoa uchafu, mlango ukafunga.

Kadi mpya ninayo. Imeandikwa fundi wa lifti. Msumari amerudi, lifti bado imegoma, na meneja sasa ananiita dada. Kesho kutwa naondoka.

Nina swali moja. Mwezi wa tatu mama wa duka alimsalimu fundi, wakati sikuwa na kadi. Shangazi naye ameniandikia kwamba mtaani mimi ni fundi tangu mwaka niliofika huku. Nani aliwaambia? Ulilionea aibu fagio langu?

Binti yako

14 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako haijafika, lakini siwezi kusubiri. Nimepita.

Ofisa alitazama kadi, akanitazama mimi. "Fundi wa lifti ni wewe?"

"Ni mimi." Nikangoja swali, kama ulivyonifunza.

"Unakwenda kutengeneza ipi?"

Nikamtajia hospitali. Akaweka kalamu chini. "Mama yangu amelazwa pale ghorofa ya nne. Tulimpandisha kwa machela." Akagonga muhuri.

Siku ya pili jioni lifti ikapanda. Muuguzi mmoja alipanda na kushuka mara tatu bila shughuli yoyote. Nilijivuna, Baba, na sijutii.

Fotokopi ya ukurasa wa viza nimeiweka humu. Najua utaona muhuri umepinda. Swali langu bado lipo.

Binti yako

1 Juni

Mwanangu fundi,

Marahaba. Mimi mzima, na goti leo limesahauliwa. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua tatu nikazichana.

Niliyewaambia ni mimi. Shangazi yako anajua fika, ndiyo maana amenichongea. Lakini aibu sikuona hata siku moja. Barua yako ya kwanza kutoka huko ninayo hapa. Mstari mmoja unasema umepata kazi ya usafi. Kurasa mbili zinaeleza jinsi lifti inavyopanda kwa sababu kuna uzito unaoshuka upande wa pili, na umechora kamba na magurudumu yake. Watu waliponiuliza unafanya nini, nikawajibu nilichokisoma katika zile kurasa mbili.

Hata hivyo uongo ni uongo, na aliyeusema ndiye huyohuyo aliyekukataza wewe. Kila nilipoitwa baba fundi niliogopa siku utakayorudi uumbuke kwa ajili yangu. Naomba radhi, mwanangu.

Fotokopi nimeibandika ukutani juu ya meza. Wastaafu wenzangu wawili wamekuja kuikagua. Wamesema muhuri umepinda, na ni kweli. Mimi sikupinda muhuri miaka thelathini na moja, lakini sijawahi kuona uliopendeza kama huo.

Jana mama wa duka aliniuliza, "Yule mwanao anafanya kazi gani vile?" Nikamjibu yaleyale ya miaka yote minne, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni.

Baba fundi